Mto Ukikatika Vipande: kilindi cha Ugalla kinatunza nini, na kinalindwaje

Ukivuka Mto Ugalla mwezi Machi, maji yametanda mbugani mpaka huoni kingo ziko wapi. Ukirudi palepale katikati ya Oktoba unakuta mchanga mweupe na kwato za ng'ombe zilizokaukia kwenye tope, na mtu wa kwanza utakayemuuliza atakwambia mto umekauka. Haujakauka. Umekatika vipande. Fuata mkondo kilomita moja au mbili utafika kwenye kipande chenyewe: maji ya kijani yaliyotulia chini ya mikuyu na mikwaju, marefu kama viwanja viwili vya mpira, na viboko wamejazana humo kama magunia ghalani.

Wengi Tabora huita mahali hapo bwawa, wengine lambo, ingawa lambo hasa ni lile lililochimbwa kwa ajili ya mifugo. Hapa tutasema kilindi, kwa sababu kinachokifanya kidumu ni kina chake. Upana si hoja: kuna madimbwi mapana kama ziwa yanayoisha mwezi Agosti, na kuna mashimo membamba yanayovuka mwaka hadi mwaka.

Jambo la kushika ni hili. Samaki watakaojaa mbugani mwezi Machi ni wazao wa samaki waliosalia kwenye vilindi mwezi Oktoba. Kilindi ni ghala la mbegu. Mto wenye vilindi ishirini ukipoteza kimoja haujapoteza sehemu moja ya ishirini ya maji tu. Umepoteza mbegu ya eneo lote ambalo kilindi hicho kilikuwa kikilijaza. Mengine yote, yaani sheria, mipaka, mwiko na ugomvi wa pampu, yanatokana na hapo.

Kwa nini maji hubaki hapa na si pale

Ugalla hukusanya maji ya miombo ya Sikonge, Urambo na Kaliua, hupokea Mto Wala, kisha huelekea magharibi kuungana na Malagarasi, ambao humwaga maji Ziwa Tanganyika upande wa Ilagala, kusini ya mji wa Kigoma. Mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Malagarasi wenyewe haukatiki, kwa kuwa mabwawa makubwa ya Moyowosi na maziwa kama Nyamagoma na Sagara huyashika maji na kuyaachia taratibu. Ugalla hauna akiba ya kiasi hicho, na kwa sababu nchi ni tambarare mno, mvua ikishakoma kasi hupungua upesi na mkondo hukatika kwenye sehemu za juu juu.

Kilindi huchimbwa na mafuriko. Mahali mto unapokata kona, maji ya Februari hugonga ukingo wa nje na kuchimba chini. Mahali penye mwamba uliokatiza mkondo, au mti mkubwa ulioanguka, maji huzunguka na kuondoa mchanga. Viboko nao humalizia kazi, kwa kuwa uzito wa tani moja na zaidi ukitembea njia ileile kila usiku huzuia tope kutulia na huacha mifereji inayounganisha kilindi na mbuga. Kwa hiyo kilindi hakikupangwa mara moja. Hutengenezwa upya kila mwaka. Hili lina maana kubwa kwa mkulima wa ukingoni. Akifyeka miti na kulima hadi kwenye maji, ukingo hubomoka, mto hupanuka, kasi ya mafuriko hupungua, na badala ya kuchimba mchanga mto huanza kuulaza. Baada ya misimu michache shimo la mita nne linakuwa beseni la mita moja.

Hesabu ya maji

Chukua kilindi cha kawaida: urefu mita 200, upana mita 20, kina cha wastani mita 1.5. Eneo lake ni mita za mraba 4,000, na ujazo wake ni mita za ujazo 6,000. Kati ya Agosti na Oktoba, jua na upepo wa Tabora huweza kunyonya takriban milimita 6 kwa siku. Hiyo ni mita za ujazo 24, sawa na lita 24,000 kila siku. Kwa siku 120 za kiangazi kilindi hushuka sentimita 72 bila mtu kukigusa. Ndiyo maana dimbwi la kina cha nusu mita mwezi Juni halina matumaini.

Sasa walete ng'ombe 500. Ng'ombe mmoja kwenye joto hunywa lita 30 hadi 40. Wote kwa pamoja hawafiki hata kile kinachochukuliwa na jua. Wanaolalamika kwamba mifugo inamaliza maji wanakosea hesabu, lakini hawakosei kulalamika: ng'ombe hamalizi maji, anamaliza ukingo. Kwato 2,000 zikishuka kila siku kwenye mteremko uleule huugeuza vumbi, na mvua ya kwanza hulisukuma vumbi lote ndani.

Mla maji hasa ni pampu. Pampu ndogo ya petroli yenye bomba la inchi 3, ikitoa mita za ujazo 30 kwa saa na kufanya kazi saa 5, huondoa mita za ujazo 150 kwa siku, mara sita ya jua. Pampu moja pamoja na jua humaliza kilindi chetu kwa siku kama 34. Pampu mbili, siku 18. Mwenye bustani ya nyanya haamini kwamba yeye peke yake anaweza kukausha mto, na kwa mwezi Aprili yuko sahihi. Mwezi Septemba, mto wote ulio mbele yake ni hizo mita za ujazo 6,000.

Pumzi ya samaki

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu samaki wengi wa kilindi hufa kukiwa bado na maji. Kinachoisha mapema ni hewa iliyoyeyuka majini.

Maji ya nyuzi joto 30, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,100 au 1,200, kwa kawaida hushika takriban miligramu 6.5 za oksijeni kwa lita. Mchana mwani wa kijani huongeza. Usiku mwani huohuo, samaki na uozo wa chini vyote hupumua, na kiwango hushuka mpaka alfajiri. Ndiyo maana anayetaka kujua hali ya kilindi asiende saa nne asubuhi. Aende saa kumi na moja na nusu, kabla jua halijatoka, akae kimya ukingoni. Akiona midomo midogo ya mviringo ikipasua uso wa maji mahali pengi kwa pamoja, hao ni perege na wenzao wanaramba tabaka la juu kabisa lenye hewa. Kambale akipanda, anapiga mkupuo mmoja na kuzama. Huyo ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu na hana haraka. Kamongo ana mapafu kabisa, na kilindi kikikauka huweza kujichimbia kwenye tope, akajizungushia ute unaogeuka kifuko, na kusubiri mvua. Kwa hiyo kilindi chenye kambale na kamongo watupu si kilindi kizima. Ni kilindi kilichoshindwa, na wanaovuta hewa ya juu ndio waliobaki.

Kisha kuna suala la viboko, ambalo halina jibu la upande mmoja. Kiboko mmoja hula nchi kavu takriban kilo 40 za majani kwa usiku na kushusha sehemu kubwa ya kinyesi majini mchana. Kwenye Mto Mara, watafiti walikadiria kwamba viboko zaidi ya 4,000 huingiza mtoni takriban kilo 8,500 za majani yaliyosagika kila siku. Mto ukitembea, kinyesi hicho ni chakula cha wadudu na samaki. Mto ukisimama, kinatuama, kinaoza, na hewa ya chini inakwisha. Mvua ya kwanza kubwa ikija na kusukuma maji hayo meusi, samaki hufa kwa wingi huko chini, na kesho yake kijiji kizima kinasema kuna mtu katia sumu.

Huenda kuna mtu kweli. Namna ya kutofautisha ni hii. Kufa kwa kukosa hewa hutokea alfajiri, au saa chache baada ya maji mapya kuingia. Samaki wakubwa hutangulia, maji hunuka kama yai bovu, na kambale hubaki wazima. Sumu haichagui saa. Ikiwa ni dawa ya wadudu, kwa mfano bomba la kupulizia tumbaku lililosuuzwa mtoni, utaona vyura, kaa na wadudu wa majini nao wamekufa, na mara nyingi kambale pia. Utupa uliotwangwa hulevya samaki ndani ya muda mfupi, wakielea ubavu huku mtegaji akiwasubiri upande wa chini. Mabaki ya majani yaliyopondwa hukutwa ukingoni au ndani ya gunia lililozamishwa. Kwa vyovyote vile, samaki waliokufa kwa sababu isiyojulikana wasiliwe wala wasikaushwe kwa ajili ya kuuza.

Kiboko aliyekufa bila jeraha asichunwe kabisa. Viboko wakisongamana kiangazi huweza kupata kimeta, na kisu cha kwanza kinachopasua ngozi ndicho kinachoutawanya ugonjwa. Aitwe daktari wa mifugo.

Kilindi kama urithi

Vilindi hivi vina historia kabla ya ramani. Njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji, iliyobeba pembe, chumvi na watu waliotekwa, ilipangwa kwa kufuata mahali maji yanapobaki kiangazi, kwa sababu wapagazi mamia hawawezi kulala pakavu siku mbili mfululizo. Mwaka 1871 vita vya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, na Waarabu wa Tabora viliifunga njia ya moja kwa moja. Msafiri Henry Morton Stanley akazungukia kusini, na Oktoba ya mwaka huo alipiga kambi kwenye Mto Gombe akaukuta kama unavyokutwa leo mwezi huohuo: mkondo umesimama, umebaki madimbwi marefu membamba yenye viboko na mamba, na wanyama wamejaa kando. (Gombe hiyo ni ya Tabora, ile ya sokwe iko mwambao wa Ziwa Tanganyika.) Magharibi zaidi, Uvinza, karibu na mahali Mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, chemchemi za maji ya chumvi zimechemshwa tangu karibu karne ya 5, na chumvi hiyo ilisafiri mbali pande zote.

Samaki nao wana historia ndefu zaidi. Malagarasi unaaminika kuwa mkubwa kwa umri kuliko Ziwa Tanganyika lenyewe. Kabla bonde la ufa halijafunguka, maji yake yalielekea bonde la Kongo. Ndiyo maana kuna samaki ndani yake wanaofanana na wale wa Kongo na ambao ziwani hawapatikani. Pia kuna perege wa mto huu, Oreochromis malagarasi, aliyebeba jina lake.

Urithi mwingine ni wa kanuni. Wanyamwezi na Wasukuma wana ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili lifunguliwe kiangazi kikiwa kikali. Mradi wa hifadhi ya ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulirudisha maelfu kwa maelfu ya hekta kwa kutumia wazo hilohilo la wenyeji. Kilindi ni ngitili ya maji, na mkutano wa kijiji ukielezwa hivyo hauhitaji semina. Miiko ya mahali pa maji, kama kutozamisha sufuria lenye masizi au kutokata mti uliosimama juu ya chemchemi, mara nyingi hudharauliwa kama ushirikina. Itazame kwa jicho la fundi: mti uliokatazwa kukatwa ndio ulioushika ukingo na kuyatia maji kivuli.

Kilindi ni cha nani?

Jibu hutegemea kimekaa wapi, na mchanganyiko hapa ndio umezaa kesi nyingi.

Bonde la Malagarasi-Muyovozi, hekta 3,250,000, ni ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa ardhioevu, mwaka 2000. Makao ya korongo-nyangumi, ndege mwenye mdomo mpana, na nzohe, swala wa mabwawani, yamo humo. Watu wengi hudhani Ramsar inakataza kuvua. Haikatazi; inadai matumizi ya busara, na haina askari wake. Katazo hutoka kwenye hadhi ya eneo husika ndani ya bonde hilo. Ndani ya Hifadhi ya Taifa hakuna kuvua, kuchunga wala kutundika mizinga. Ndani ya pori la akiba baadhi ya shughuli huwezekana kwa kibali. Ugalla ilikuwa pori la akiba, na wavuvi na warina asali waliingia kwa vibali vya msimu; mwaka 2019 ikapandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na mlango huo ukafungwa. Anayekwambia "baba yangu alivua hapa kwa halali" pengine anasema kweli, na bado leo ana kosa.

Nje ya hifadhi kuna jumuiya za wanyamapori, kama Ipole ya Sikonge na Uyumbu ya Urambo, ambako vijiji vyenyewe hupanga matumizi. Na kuna ardhi ya kijiji ya kawaida, ambako vilindi vingi visivyo na jina vimo. Hapo sheria tatu hukutana. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali cha bodi ya maji ya bonde kwa anayevuta maji kwa pampu. Anayechota ndoo ya nyumbani hahitaji. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinapiga marufuku sumu, baruti, makokoro, katuli (kupiga maji ili samaki wakimbilie wavu) na nyavu za timba (za uzi mmoja wa plastiki). Kijiji kikitaka zaidi ya hayo, kwa mfano kufunga kilindi kabisa kwa miezi fulani, lazima kitunge sheria ndogo.

Kukifunga kilindi ili kifunge kweli

Anza kwa kupima kabla ya kuandika. Mwezi Juni, watu wawili na mtumbwi, kamba yenye jiwe iliyofungwa fundo kila nusu mita, wapime kina kila baada ya hatua kumi katikati ya mkondo. Pima tena mwanzoni mwa Novemba, kabla ya mvua. Kilindi chenye zaidi ya mita 1.5 mwezi huo ndicho cha kulinda kwanza. Kiboko naye hutaka kina cha namna hiyo ili afunike ngozi yake. Kijiji chenye vilindi vitano na uwezo wa kulinda viwili kilinde viwili vyenye kina, hata kama vile vitatu ni vizuri kwa kutazama.

Kisha simika kipimo: gogo gumu lililochorwa alama kila sentimita 10, lishindiliwe mahali ambapo kiboko hapiti, na lisomwe siku moja ya wiki. Alama mbili zipigwe rangi. Maji yakifika ya kwanza, tuseme mita 2, pampu zote zinazimwa. Yakifika ya pili, mita 1.5, nyavu zinatoka. Mstari wa rangi huondoa ubishi kwa namna ambayo tarehe haiwezi: mwaka wa mvua nyingi tarehe huonea mvuvi, mwaka wa ukame huonea samaki.

Mifugo ipewe njia yake. Chagua mahali pamoja penye changarawe, upande wa chini wa kilindi, upana mita 10 hadi 15, na kwingine pazibwe kwa miiba. Afadhali zaidi, kama kijiji kina uwezo, ni kupeleka maji kwenye birika la zege nje ya zile mita 60. Wachotaji wa ndoo nao wazungushiwe uzio wa miti iliyopandwa mpaka ndani ya maji, nguzo zikikaribiana kiasi cha kumzuia mamba, kwa kuwa mamba hujifunza saa na mahali. Njia ya viboko isizibwe na isilimwe. Kiboko aliyekatiwa njia ya kurudi majini alfajiri ndiye anayeua.

Sheria ndogo hupitia halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji, kisha kata na halmashauri ya wilaya ili iidhinishwe. Ukiruka hatua ya wilaya, faini ya kwanza utakayotoza itafutwa mahakamani. Mipaka iandikwe kwa alama zisizohama, mwamba au nguzo ya zege, na siyo "kuanzia kwa mzee fulani mpaka kwenye mkuyu". Wazee hufa na mikuyu huanguka. Ulinzi sehemu nyingi za Tabora huishia kwa sungusungu, na wanaujua usiku kuliko mtu yeyote, ila wapewe maandishi: nani anakamata, mali inakwenda wapi, risiti inatolewa na nani. Doria nyingi hufa siku nyavu zilizokamatwa zinapoonekana zikivua kwenye kilindi kilekile.

Kuhusu kipato, mizinga ndiyo inayokaa vizuri na kilindi. Nyuki kwenye joto la Septemba huhitaji maji ya karibu ili kupoza mzinga, na msitu wa ukingoni hubaki na kijani miombo ilipopukutisha. Itundikwe mita 200 au zaidi kutoka njia ya mifugo na wachota maji. Yule aliyezimiwa pampu awe wa kwanza kugawiwa.

Kipindi ambacho walinzi wengi hulegea ni Novemba, wakidhani mvua zimekuja na kazi imekwisha. Usiku wa mvua kubwa za kwanza kambale hutoka kwenye kilindi kupitia mifereji ile ya viboko kwenda kutaga kwenye majani ya mbuga iliyofurika, na hupita kwenye maji yasiyofika magotini. Jike wa kilo moja amebeba mayai makumi ya maelfu. Mgono mmoja uliotegwa kwenye mdomo wa mfereji, na matete yaliyosimikwa pande zote mbili, huwazoa wote kwa usiku mmoja bila jasho. Mifereji iachwe wazi walau wiki tatu tangu maji yanapoanza kutembea, na doria ya kwanza ya msimu iende huko, kati ya saa mbili usiku na alfajiri, na tochi ielekezwe kwenye matete kabla ya kwenye maji.